Seli zinazoua saratani: Matumaini yapo, dawa bado

KATIKA damu ya kila binadamu huzunguka seli nyeupe za aina ya pekee ambazo kazi yake ni kuua. Hazingoji kufundishwa adui ni nani, wala si lazima ziwe zimewahi kukutana naye. Zinapokuta seli ya mwili iliyovamiwa na virusi, au iliyogeuka kuwa ya saratani, huing'ang'ania, huutoboa ukuta wake na kuimiminia kemikali zinazoilazimisha kufa. Wanasayansi huziita seli za NK, herufi mbili zenye maana ya wauaji wa asili.

Kwa miaka kadhaa sasa seli hizo zimekuwa zikitajwa na vyombo vya habari vya dunia kuwa huenda ndizo tiba ijayo ya saratani. Habari hizo zimefika pia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, miji ambayo ndani yake familia yenye mgonjwa hutafuta mtandaoni jina la hospitali ya nje, hupiga hesabu ya nauli na matibabu, na wakati mwingine huuza kiwanja. Swali linalopaswa kuulizwa kabla ya kiwanja kuuzwa ni hili: tiba hiyo imefikia wapi hasa?

Jibu ni kwamba sayansi yake ni ya kweli na matokeo ya awali yanatia moyo, lakini tiba yenyewe haijakamilika. Hadi kufikia mwisho wa mwaka 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa haijaidhinisha hata tiba moja ya kumwekea mgonjwa wa saratani seli za NK. Zilizokuwapo ni za majaribio.

Hata hivyo, kuna sababu ya msingi inayofanya majaribio hayo yafuatiliwe kwa makini, hata katika nchi zisizo na fedha nyingi. Tofauti na tiba nyingine za seli zilizokwisha kuingia sokoni, seli za NK si lazima zitoke kwa mgonjwa mwenyewe. Zinaweza kuchukuliwa kwa mtu mwingine, zikazalishwa kwa wingi, zikagandishwa na kuwekwa akiba kama dawa nyingine yoyote. Iwapo hilo litafanikiwa, hesabu ya gharama itabadilika.

Kutoka Nairobi hadi Stockholm

Historia ya seli hizi ina uhusiano na Afrika Mashariki ambao haujulikani sana. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukijitokeza katika taya za watoto na kukua kwa kasi ya kutisha. Uvimbe huo, ambao ni saratani ya mfumo wa limfu, unaitwa hadi leo kwa jina lake.

Katika miaka ya 1960, Peter Clifford, daktari aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa uvimbe huo katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, alishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm, Sweden, wakiongozwa na Eva Klein na mumewe George Klein. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kutoka Nairobi hadi Stockholm kwa uchunguzi. Mwaka 1968 Eva Klein na wenzake, akiwamo Clifford na mtafiti Hans Wigzell, walichapisha matokeo ya kazi hiyo. Miongoni mwa seli walizofanikiwa kuzikuza ni zile zilizotokana na uvimbe wa kijana wa miaka 16. Seli hizo zinaendelea kukuzwa katika maabara za dunia nzima, nazo zinajulikana kwa jina la Kiswahili: Daudi.

Miaka saba baadaye, mwaka 1975, Eva Klein na Wigzell, pamoja na Rolf Kiessling, walitangaza kuwapo kwa seli ambazo ziliweza kuua seli za saratani ya damu ya panya bila panya huyo kuwa amepata chanjo wala maandalizi yoyote. Nchini Marekani, Ronald Herberman wa Taasisi ya Taifa ya Saratani alifikia ugunduzi huo huo kwa njia yake. Hizo ndizo seli za NK.

Jinsi zinavyomtambua adui kulibaki kuwa fumbo kwa miaka mingine kumi na zaidi. Mwaka 1986, Klas Kärre na wenzake, pia wa Karolinska, walitoa maelezo ambayo yamekubalika hadi sasa. Karibu kila seli ya mwili hubeba juu yake protini maalumu zinazofanya kazi ya kitambulisho. Seli nyingine za kinga, zinazoitwa seli za T, huchunguza kitambulisho hicho na kushambulia pale zinapoona jambo geni ndani yake. Kwa sababu hiyo, saratani nyingi huficha au huondoa vitambulisho vyao ili zisinaswe.

Seli za NK hufanya kinyume. Zinafanana na mlinzi wa getini ambaye hashughuliki na mwenye kitambulisho, bali humkamata asiyekuwa nacho. Saratani inayojificha kutoka kwa seli za T hujikuta, kwa kitendo hicho hicho, imejifichua mbele ya seli za NK. Seli za Daudi ni mfano unaojulikana vyema, kwani hazina kabisa vitambulisho hivyo juu yake, na kwa miongo kadhaa zimetumika katika maabara kupimia uwezo wa seli zinazoua.

Safari ya kuzigeuza dawa

Kujua kwamba mwili una askari wa aina hiyo ni jambo moja, kuwageuza kuwa dawa ni jambo jingine. Seli za NK ni chache, kiasi cha asilimia 5 hadi 15 ya limfosaiti zilizomo katika damu. Huishi kwa takriban wiki mbili tu. Aidha, kwa mtu ambaye tayari ana saratani, mara nyingi huwa zimedhoofishwa na ugonjwa wenyewe.

Jaribio kubwa la kwanza lilitangazwa mwaka 1985 na Steven Rosenberg wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Seli za damu za mgonjwa zilitolewa, zikachochewa kwa protini iitwayo intalukini-2, kisha zikarudishwa mwilini pamoja na kiasi kikubwa cha protini hiyo. Uvimbe wa baadhi ya wagonjwa ulisinyaa. Lakini intalukini-2 yenyewe ilisababisha mishipa kuvuja na shinikizo la damu kushuka vibaya, na njia hiyo haikuweza kuwa tiba ya wengi.

Mwelekeo mpya ulipatikana mwaka 2002 katika mji wa Perugia, Italia. Loredana Ruggeri, Andrea Velardi na wenzao walichunguza wagonjwa wa saratani ya damu waliopandikizwa uloto wa ndugu ambao vitambulisho vyao vya seli vililingana nusu tu. Waligundua kuwa pale ambapo seli za NK za mtoaji zilikuwa hazikitambui kitambulisho cha mgonjwa, aina moja kali ya saratani ya damu ilirudi kwa nadra. Tofauti iliyokuwa ikiogopwa kwa miaka mingi katika upandikizaji ilikuwa, kwa upande huu, faida.

Mwaka 2005, kundi la Chuo Kikuu cha Minnesota likiongozwa na Jeffrey Miller lilionyesha kuwa seli za NK za ndugu zinaweza kuwekwa peke yake, bila kupandikiza uloto. Kati ya wagonjwa 19 wenye aina hiyo ya saratani ya damu ambao hali yao ilikuwa mbaya, watano walifikia hatua ya ugonjwa kutoonekana tena katika vipimo.

Wakati huo huo seli za T ndizo zilizotangulia kufika sokoni. Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ambayo seli za T za mgonjwa huongezewa jeni inayozielekeza kwenye saratani. Tiba hiyo imeokoa maisha ya watoto na watu wazima waliokwisha kukata tamaa. Lakini kila dozi hutengenezwa kwa mgonjwa mmoja tu, huchukua wiki kadhaa, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 475,000 za Marekani. Seli za T za mtu mwingine hazikuweza kutumika kirahisi, kwani zinaweza kuushambulia mwili mzima wa anayezipokea.

Hapo ndipo seli za NK zilipopata nafasi yake. Februari 2020, Katayoun Rezvani na wenzake wa kituo cha saratani cha MD Anderson, mjini Houston, walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia damu inayobaki katika kitovu na kondo la nyuma mtoto anapozaliwa. Seli za NK katika damu hiyo ziliongezewa jeni za kuzielekeza kwenye saratani, za kuzirefushia maisha, na ya kuzizima iwapo zingeleta madhara. Kati ya wagonjwa 11, wanane waliitikia tiba, na kwa saba kati yao saratani haikuonekana tena. Hakuna aliyepata msukosuko mkali wa kinga wala madhara ya ubongo ambayo huwapata baadhi ya wanaopewa seli za T. Rezvani alieleza kuwa kipimo kimoja cha damu ya kitovu kingeweza kutoa dozi zaidi ya 100.

Takwimu hizo ndizo zilizozagaa duniani. Zilizofuata hazikupata sauti kubwa kama hiyo, ingawa zina uzito zaidi. Mwaka 2024 kundi hilo hilo lilichapisha matokeo ya wagonjwa 37. Walioitikia tiba walikuwa asilimia 48.6, yaani chini kidogo ya nusu. Baada ya mwaka mmoja asilimia 68 walikuwa hai, lakini ni asilimia 32 tu ambao ugonjwa wao ulikuwa haujaendelea.

Kwa wagonjwa ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa, hayo si matokeo ya kubezwa. Lakini ni tofauti na hadithi ya wanane kati ya 11. Utafiti huo ulionyesha pia kuwa ubora wa damu ulikuwa na athari kubwa: damu iliyogandishwa ndani ya saa 24 tangu kuchukuliwa ilitoa dawa bora zaidi. Maana yake ni kwamba hata tiba hii ya jeni inategemea uangalifu unaoanzia katika chumba cha kujifungulia.

Vikwazo viwili vikubwa vimebaki. Cha kwanza ni muda, kwa kuwa seli hizi hazidumu mwilini, na kugandishwa kunaweza kuzipunguzia nguvu. Cha pili ni aina ya saratani. Mafanikio mengi yamepatikana katika saratani za damu na limfu, ambako adui yumo katika mkondo uleule wa damu. Uvimbe mgumu, kama wa matiti au wa umio, una kuta ambazo seli za NK hazipenyi kwa urahisi, na hutoa kemikali zinazozilegeza.

Wawekezaji wameliona hilo. Januari 2023, kampuni ya Fate Therapeutics ya San Diego, iliyokuwa mojawapo ya vinara wa utafiti huu, ilitangaza kuvunjika kwa ushirikiano wake na kampuni ya Janssen, ikasitisha miradi kadhaa ya seli za NK na kupunguza wafanyakazi. Baadhi ya kampuni nyingine zimegeuzia nguvu kwenye maradhi ambayo kinga ya mwili hujishambulia yenyewe, kama vile lupasi.

Wauzaji wa matumaini

Pengo kati ya utafiti na tiba ndilo linalotoa mwanya kwa biashara. Katika nchi kadhaa zipo kliniki za binafsi zinazotoza wagonjwa fedha nyingi kwa kuchukua damu yao, kuzikuza seli za NK na kuzirudisha mwilini, kwa karibu kila aina ya saratani, bila ushahidi wa majaribio yaliyodhibitiwa. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na wapo wanaofahamu jinsi ya kufaidika na kutapatapa huko.

China ilijifunza hilo kwa uchungu. Wei Zexi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21 aliyekuwa na saratani adimu ya tishu laini, alipata kupitia tangazo la mtandaoni matibabu ya seli zinazofanana kwa kiasi na seli za NK. Wazazi wake walitumia zaidi ya yuan 200,000. Kabla ya kufariki dunia Aprili 2016, kijana huyo aliandika hadharani jinsi alivyoaminishwa kuwa tiba hiyo ilikuwa ya kisasa, kumbe nchi ilikotoka ilikwisha kuachwa kwa kukosa matokeo. Hasira za wananchi zilikuwa kubwa, na mwezi uliofuata serikali iliagiza matibabu ya aina hiyo yasitolewe nje ya utafiti.

Kisa hicho kinawahusu Waafrika Mashariki kwa sababu wengi wao husafiri kwenda nje, hasa India, kutafuta tiba ya saratani. Mgonjwa anayeambiwa kuhusu tiba ya seli ana haki ya kuuliza maswali machache yaliyo wazi. Je, ni tiba iliyoidhinishwa au ni jaribio? Kama ni jaribio, limesajiliwa wapi, na kwa nini mgonjwa anatakiwa kulilipia? Matokeo kwa saratani ya aina yake yamechapishwa? Kwa kawaida, anayeshiriki jaribio halali hatozwi bei ya dawa inayojaribiwa. Anayetozwa mamilioni kwa kitu kinachoitwa utafiti anapaswa kusita.

India hiyo hiyo imetoa pia mfano mzuri. Oktoba 2023 iliidhinisha tiba yake ya kwanza ya seli za T zilizoongezewa jeni, iliyotokana na ushirikiano wa Taasisi ya Teknolojia ya India mjini Bombay na Hospitali ya Tata Memorial. Bei yake ilitajwa kuwa takriban sehemu ya kumi ya ile ya Marekani. Bado ni kubwa mno kwa familia ya kawaida ya Tanzania au Kenya, lakini inathibitisha kuwa bei za tiba hizi hazikuandikwa mbinguni. Nchi inayojenga uwezo wake wa kutengeneza huweza kuzishusha.

Kilicho mkononi

Jambo linalosahauliwa katika mjadala huu ni kwamba seli za NK tayari zinafanya kazi hospitalini, hata pale ambapo hakuna anayezitaja. Dawa ya rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, ni kingamwili inayojibandika juu ya seli za limfoma. Seli za NK za mgonjwa mwenyewe huishika kingamwili hiyo kwa mkia wake na kuua kilichobandikwa. Dawa ya trastuzumab, kwa baadhi ya saratani za matiti, nayo hutegemea kwa sehemu utaratibu huo. Zote mbili ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Faida yake inapimika. Jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2020, lililohusisha watoto na vijana 328 ambao wengi walikuwa na uvimbe wa aina ya Burkitt, lilionyesha kuwa kuongeza rituximab juu ya tiba ya kemikali kuliinua idadi ya walioishi miaka mitatu bila ugonjwa kurudi kutoka asilimia 82.3 hadi 93.9. Huo ndio uvimbe ulioelezwa Kampala mwaka 1958. Kwa mtoto wa Afrika Mashariki, kinachohitajika kwanza ni kufikishwa hospitali mapema, kupimwa kwa usahihi na kumaliza dozi za dawa ambazo zipo tayari.

Njia nyingine ni kuziamsha seli za NK zikiwa ndani ya mwili. Aprili 2024, Marekani iliidhinisha dawa ya Anktiva, inayochochea seli za NK na seli za T, kwa aina ya saratani ya kibofu ambayo imekataa kusikia tiba ya awali. Kati ya wagonjwa 77, asilimia 62 walipona kiasi cha ugonjwa kutoonekana. Dawa hiyo hutolewa pamoja na BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu ambayo watoto wa Tanzania na Kenya hupewa wanapozaliwa, na ambayo tangu mwaka 1976 imejulikana kuwa ikiwekwa kwenye kibofu huamsha kinga dhidi ya saratani.

Uwezo wa kushughulika na seli hai nao umeanza kujengwa katika eneo hili. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Kazi hiyo inahitaji maabara safi, majokofu ya baridi kali, umeme usiokatika na wauguzi waliofunzwa. Hivyo ndivyo tiba ya seli za NK itakavyohitaji siku itakapokuwa tayari. Nchi itakayokuwa haijaviandaa itaendelea kuwapeleka wagonjwa wake nje, hata kama dawa yenyewe itakuwa nafuu.

Kwa upande mwingine, mipango haiwezi kusubiri. Nchini Tanzania, saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na ni ya aina ya uvimbe ambao seli za NK bado hazijauweza. Lakini chanjo ya kuzuia virusi vinavyoisababisha ipo: Rwanda ilianza kuitoa mwaka 2011, Tanzania ikaieneza nchini kote mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Hakuna seli ya maabara yoyote itakayomwokoa mwanamke kwa gharama ndogo kuliko chanjo aliyochomwa akiwa msichana.

Mambo matatu ndiyo yatakayoamua hatima ya seli za NK katika miaka ijayo: iwapo zitadumu mwilini muda wa kutosha kuzuia saratani isirudi, iwapo zitaweza kupenya uvimbe mgumu, na iwapo ahadi ya dozi nyingi kutoka kwa mtoaji mmoja itaonekana katika bei anayotozwa mgonjwa. Hadi majibu hayo yatakapopatikana katika majaribio makubwa, mgonjwa anayeahidiwa kuponywa kwa seli hizo kwa malipo ya taslimu anastahili kwanza kupata maoni ya daktari wa saratani ambaye hatafaidika na malipo hayo.